Tundu la mkono wa krenki limekuwa duara, nina elfu sabini: nianze kubadilisha nini?

Trei Sita · Jumatatu usiku

Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada, na kama inawezekana aliyewahi kuifanya kazi hii kwa mikono yake ndiye anijibu.

Nipo Iringa, huku chini Ipogolo. Nina baiskeli ya gia ya mtumba, tairi inchi 26, gia tatu mbele na saba nyuma. Ndiyo inayonilisha. Kila asubuhi nafunga trei sita za mayai kwenye keria, naupanda ule mlima hadi mjini, nagawa kwenye vibanda na kwa mama lishe, siku nyingine nafika Kihesa. Mayai 180 yapo nyuma yako na barabara imesimama mbele yako, mnaelewa kwamba pedeli ikikuponyoka hapo hasara yake siyo ya goti tu.

Wiki tatu zilizopita mkono wa kushoto wa krenki, ule unaoshika pedeli, ulianza kucheza. Nikawa nakaza bolti, baada ya siku mbili umelegea tena. Fundi wa kwanza akaugonga kwa nyundo. Ukatulia kidogo, ukarudi. Fundi wa pili akakata bati la kopo la soda akalipachika ndani ya tundu, akaugonga tena. Hiyo ilinipa siku tatu. Leo nimeufungua mwenyewe nikaangalia kwa tochi: lile tundu la pembe nne limekuwa kama duara, kona zote zimelika. Fundi wa tatu anasema tuuchomelee kwenye ekseli, elfu 5 tu, biashara imeisha.

Halafu kuna jambo la pili. Nikikanyaga kwa nguvu nikiwa gia ya kati mbele, cheni inaruka jino. Sijui kama ni ugonjwa uleule au ni mwingine.

Nina shilingi elfu 70. Siyo kwamba nyingine nimeweka pembeni, ni hiyo hiyo. Kuna kijana anauza krenki ya mtumba ya Shimano, Hollowtech II, kwa elfu 60, inang'aa kweli. Nichukue? Au nichomelee? Natanguliza shukrani.

Mlima Haukopi · Jumatatu usiku

Chukua hiyo Hollowtech mkuu. Mimi ninayo mwaka wa pili, sijawahi kusikia hata mlio. Ukinunua vya bei rahisi utanunua mara mbili. Bakiza elfu 10 ya ufundi, kazi imekwisha.

Gololi Robo · Jumanne asubuhi

Kijana wa mayai, mimi ni fundi, nipo Morogoro, nimekaa kwenye kazi hii toka enzi za baiskeli za Phoenix zikiwa ndiyo gari la kila mtu. Soma hadi mwisho kabla hujatoa hata senti.

La kwanza, usichomelee. Shika sumaku uiweke kwenye huo mkono. Isiponasa, mkono ni wa alumini na ekseli ni ya chuma, na fimbo ya kawaida ya kuchomelea haiunganishi alumini na chuma. Itakaa juu juu kama ugali ulioungua kwenye sufuria, siku ya mlima itabanduka. Ikinasa, mkono ni wa chuma, kuungana utaungana. Lakini joto linakwenda moja kwa moja kwenye beringi, grisi inaungua, na tangu siku hiyo ekseli haitoki tena kwenye fremu bila kukata. Umeokoa elfu chache, umeharibu fremu nzima.

La pili, elewa kwa nini limekuwa duara, maana usipoelewa utalifanya jipya kuwa duara pia. Watu wengi wanadhani bolti ndiyo inayoushika mkono. Hapana. Ncha ya ekseli imechongwa nyembamba mbele na nene nyuma kama kabari, kila upande umelala nyuzi 2. Bolti kazi yake ni kuusukuma mkono upande ile kabari hadi ubane. Ukibana, nguvu yote inapita kwenye nyuso nne za chuma. Chukulia una kilo 70 na mkono wako una milimita 170. Ukisimama juu ya pedeli unausokota ule mraba kwa nyutoni mita karibu 117. Ukiwa umebana vizuri, huo ni mzigo wa kawaida. Ukiwa umelegea hata unywele, kona za chuma zinaanza kuchonga alumini, na alumini ni laini. Ukiendesha siku moja tu na mkono uliolegea, mara nyingi tundu lishakwisha. Baada ya hapo kukaza hakuponyi tena, kwa sababu kabari haina tena pa kubana.

Lile bati la kopo la soda lina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Ni dawa ya kukufikisha nyumbani. Fundi aliyekuwekea hakukosea kama alikuambia hivyo. Kama alikuambia umepona, alikukosea.

La tatu, hiyo Hollowtech II. Siyo mbaya, ni krenki nzuri sana. Lakini ile ekseli yake ina unene wa milimita 24, imeungana na mkono wa kulia, na beringi zake zinakaa nje ya fremu kwenye vikombe vyake maalumu. Huwezi kuiingiza kwenye ekseli uliyonayo. Muulize huyo kijana kama anauza pamoja na vikombe, na kama beringi zake bado hai. Muulize pia ile kofia ndogo ya plastiki ya upande wa kushoto ipo. Nyingi za mtumba zinakuja bila hivyo. Ukishanunua vikombe na ufunguo wake, elfu 70 imekwisha na cheni yako bado inaruka.

Sasa nipe vipimo. Upana wa bomba la fremu ambamo ekseli inapita, pima kwa rula. Urefu wa ekseli ncha hadi ncha. Idadi ya meno kwenye gia zote tatu za mbele, na kama zimefungwa kwa bolti au kwa ribiti. Urefu wa mkono, umeandikwa nyuma yake karibu na pedeli. Halafu toa cheni kwenye gia, shika mkono mzima wa kulia uusukume ndani na nje. Ukicheza, ekseli nayo inaumwa.

Mlima Haukopi · Jumanne mchana

Fundi nimekuelewa. Kweli mimi niliinunua ikiwa tayari kwenye baiskeli, vikombe sikuvigharamia mwenyewe. Naondoa ushauri wangu wa jana.

Binti Meru · Jumanne mchana

Kaka wa mayai, pole sana. Naongezea moja kabla hujapiga hesabu za seti nzima: mkono wa kushoto unauzwa peke yake. Mimi hapa Arusha nilinunua wa mtumba kwa elfu 7. Kama ekseli yako bado nzima na gia za mbele hazijaisha, hiyo ndiyo njia ya bei ndogo kuliko zote, na hela inayobaki unakula na watoto.

Angalia tu urefu ulingane na wa kulia. Kuna 165, 170 na 175. Milimita 5 inaonekana kama si kitu, lakini mguu mmoja ukizunguka duara kubwa kuliko mwenzake, kwa mtu anayepanda mlima kila siku, nyonga itakuambia. Na ukinunua wa mtumba usiangalie mng'ao. Ingiza kidole kwenye tundu la mraba, pitisha kucha kwenye kona zote nne. Halafu angalia pembeni mwa tundu la pedeli kama kuna ufa mwembamba kama unywele. Wenye ufa uache hapo hapo hata wakikupa bure.

Trei Sita · Jumatano usiku

Shikamoo fundi Gololi. Asante dada Meru, asanteni wote. Nimepima.

Bomba la fremu ni milimita 68. Ekseli sijaweza kuitoa yote, ila nimepima ncha hadi ncha kwa vernia kalipa niliyoazimwa na mwalimu mmoja wa fizikia, ni 122 na kitu. Gia za mbele zina meno 48, 38 na 28, zote ribiti. Ile ya kati meno yake yamechongoka kama ya papa, yamelala upande mmoja. Mikono ni 170. Sumaku haikunasa kabisa.

Na mkono wa kulia unacheza. Si sana, lakini nausikia "tok" nikiusukuma.

Dada, nilifurahi sana niliposoma kuhusu kununua mkono mmoja, lakini naona mambo ni mengi zaidi.

Gololi Robo · Jumatano usiku

Marahaba kijana wangu. Umepima vizuri.

Hayo meno ya papa ndiyo jibu la swali lako la pili. Chukua rula ya shule ya sentimita 30, upande wa inchi. Vuta cheni inyooke, weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu hadi inchi 12. Cheni mpya, pini inaangukia hapo hapo kwenye 12. Ikizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, ndiyo muda wa kubadilisha cheni. Ikizidi kwa moja ya nane, cheni imeshakula na gia. Niambie yako.

Trei Sita · Jumatano usiku

Imezidi moja ya nane, fundi. Karibu na tatu ya kumi na sita.

Gololi Robo · Alhamisi asubuhi

Basi ndugu yangu mkono wa kushoto peke yake hautakusaidia. Gia za mbele zako ni ribiti, hazibadiliki moja moja. Ukiweka krenki mpya na cheni hii ya zamani, cheni itazila gia mpya kabla ya mwaka. Ukiweka cheni mpya na friwili ya zamani, yaani zile gia za nyuma, itaruka nyuma badala ya mbele. Hivi vitatu vinazeeka pamoja. Na ekseli inacheza. Kwa hiyo tunatafuta vitu vinne kwa elfu 70, na inawezekana, ila si kwa kununua jina kubwa.

Kuhusu ekseli. Kama baiskeli yako haijawahi kubadilishwa, ndani kuna vikombe viwili na gololi za robo inchi, kumi na moja kila upande zikiwa huru, au tisa zikiwa kwenye keji. Ukifungua ukakuta njia ya gololi kwenye ekseli bado laini, nunua gololi mpya na grisi, umemaliza kwa elfu chache. Ukikuta vishimo, usihangaike nayo, weka katriji. Katriji ni ekseli na beringi zake zikiwa zimefungwa kwenye kopo moja, haitaki marekebisho, mvua haiingii kirahisi.

Mwana Nyando · Alhamisi mchana

Salamu kutoka Kisumu. Huku kwetu baiskeli za boda bado zipo, zile nyeusi za kota pini, ambazo mkono wa krenki unashikwa na pini, na mafundi wa jua kali wanazijua sana. Mtu akikushauri urudi kwa ekseli ya kota pini kwa sababu ni bei ya chini, usikubali kwa baiskeli ya gia tatu. Nilifanya hivyo nikapoteza pesa. Ekseli ile imepangwa kwa gia moja mbele. Gia zangu zilikaa ndani sana, ile ndogo ikawa inakwaruza fremu. Kwa baiskeli yake yenyewe kota pini ni kitu imara, nimebeba nayo mtu na gunia. Lakini si ya kuchanganya.

Binti Meru · Alhamisi mchana

Hapo kaka wa Kisumu amegusa kitu wengi wanakisahau, urefu wa ekseli. Kuna 110, 113, 118, 122.5, hadi 127.5. Ikiwa fupi, gia inagusa fremu. Ikiwa ndefu, cheni inakwenda upande upande na gia ndogo nyuma hazikai. Njia ninayotumia: napima unene wa bomba la siti, nagawanya kwa mbili, najumlisha nafasi kutoka ukuta wa bomba hadi meno ya gia ya kati. Kwa krenki ya gia tatu ya baiskeli ya mlimani ikitoka kati ya milimita 47.5 na 50 upo salama. Pima sasa hivi kabla hujafungua, ujue ulikotoka.

Trei Sita · Ijumaa usiku

Nimepima kama dada alivyosema, ni 48.

Nimepiga simu kwa jamaa yangu Dar, akazunguka Gerezani na Kariakoo mchana kutwa kwa ajili yangu, Mungu ambariki. Kuna seti mpya ya krenki, mikono ya alumini, gia za chuma za ribiti, meno 42-34-24, urefu 170, boksi linasema ekseli 122.5. Haina jina kubwa. Elfu 26. Katriji 68 kwa 122.5 ni elfu 15. Cheni ya gia saba elfu 8, friwili ya meno 14 hadi 28 elfu 9. Nauli ya mzigo kwa basi elfu 4. Jumla elfu 62. Nabaki na elfu 8.

Wasiwasi wangu ni hayo meno 42. Nimezoea 48. Sitakuwa nimerudi nyuma?

Gololi Robo · Ijumaa usiku

Umesonga mbele. Tairi yako ya inchi 26 ikizunguka mara moja inakwenda mita 2 na sentimita 7 hivi. Kwenye gia yako nyepesi ya sasa, 28 mbele na 28 nyuma, kila ukizungusha pedeli mara moja unasogea hizo mita 2.07. Kwa 24 mbele unasogea mita 1.77. Umbali mfupi, nguvu ndogo. Ule mlima wako utapungua karibu moja ya saba kwenye magoti. Unachopoteza ni mwendo wa tambarare: 48 kwa 14 ilikupa mita 7.1, 42 kwa 14 inakupa 6.2. Mtu mwenye trei sita za mayai anakimbilia wapi kwa mita 7.1?

Agiza. Na hiyo elfu 8 usinunue kitu kingine. Tafuta fundi mwenye pula ya krenki (kifaa cha kuuvuta mkono utoke kwenye ekseli), ufunguo wa katriji wa meno 20 na ufunguo wa friwili, mlipe akuazime kwa siku moja, kazi ufanye mwenyewe mbele yake. Ukimwachia mtu asiye na pula atatumia nyundo na patasi, na hapo fremu ndiyo itakayolia.

Shika haya. Kabla ya kuingiza pula, toa bolti na uhakikishe washa yake imetoka pia. Washa ikibaki ndani, pula inasukuma washa badala ya ekseli, tredi za mkono, ile mistari ya skrubu, zinang'oka zote. Wa zamani unautupa, lakini ukizing'oa tredi zake utautoa na nini? Pula iingie kwa mkono hadi mwisho kabla hujagusa spana.

Pedeli zote mbili, mpini wa spana ukiwa juu, zinakazwa kuelekea mbele ya baiskeli, zinafunguliwa kuelekea nyuma. Vikombe vya ekseli ni kinyume: vinakazwa kuelekea nyuma, vinafunguliwa kuelekea mbele. Hiyo ni kwa sababu kikombe cha kulia kina tredi ya kushoto, yaani kinakazwa kinyume na mshale wa saa. Nimeona vijana wawili wakining'inia kwenye bomba la mita moja wakikaza kikombe wanachotaka kukifungua.

Mwana Nyando · Jumamosi asubuhi

Fundi, swali moja hapo. Unapaka grisi kwenye ule mraba au unaweka mkavu? Huku mafundi wanagombana kila siku juu ya hiyo.

Gololi Robo · Jumamosi asubuhi

Wanagombana na Morogoro pia. Mimi naufuta kwa kitambaa, naacha mkavu au karibu na mkavu. Grisi naipaka kwenye tredi za bolti na chini ya kichwa chake, ili nguvu yangu iende kusukuma mkono na siyo kusugua tredi. Wapo wanaopaka kidogo kwenye mraba na krenki zao zinakaa miaka. Mimi nimezoea njia hii na sijarudishiwa kazi. Lakini katriji yenyewe, tredi za vikombe, paka grisi ya kutosha. Hapo hakuna ugomvi. Kikavu kitashika kutu na fremu, mwaka wa tatu hakitoki.

Na kipimo cha kukaza, maana najua spana ya kipimo hamna. Bolti ya krenki inataka nyutoni mita 35 hadi 50. Chukua spana yenye mpini wa sentimita 20. Fikiria ndoo ya lita 20 imejaa maji imening'inia mwisho wa mpini. Huo uzito ndiyo unaotakiwa, inakuja karibu 40. Vikombe vya katriji vinataka 50 hadi 70, ndoo hiyohiyo kwenye mpini wa sentimita 30.

Trei Sita · Jumatano usiku

Wakuu, mzigo ulifika Jumatatu jioni, jana nimeshinda kwenye kazi. Naeleza yote kwa sababu nimeona kuna watu wanasoma bila kuandika.

Mkono wa kushoto ulitoka kwa kuvutwa na mkono tu, ulishakuwa huru. Wa kulia uliihitaji pula. Kweli washa ilikuwa ndani, imejificha kwenye grisi nyeusi, kama nisingesoma hapa ningeikosa. Niliitoa kwa bisibisi nyembamba. Pula ilipokaza ikatoa mlio kama risasi, nikadhani nimevunja. Kumbe ndiyo kabari inaachia.

Kikombe cha kushoto kilitoka vizuri. Cha kulia kiligoma kabisa. Fundi aliyenikodishia vifaa alitaka kukizungusha nyuma, nikamwomba kwa heshima tujaribu mbele kwanza. Hakikusogea. Tukalaza baiskeli ubavu, tukadondosha mafuta mepesi kwa ndani kupitia bomba, tukaiacha tangu saa tano hadi saa tisa. Tulipojaribu tena, watu wawili, kikaanza kulegea kidogo kidogo kuelekea mbele. Fundi mwenyewe alinishika bega akasema na yeye amejifunza kitu. Ni mtu mwema, nitarudi kwake.

Ndani gololi zilikuwa kumi upande mmoja. Ya kumi na moja sijui ilikwenda wapi. Ekseli ina vishimo kama ngozi ya mtu aliyeugua ndui, kwa hiyo gololi mpya zisingesaidia. Nilisafisha tredi za fremu kwa mswaki na dizeli, nikafuta, nikapaka grisi, nikaingiza katriji kwa vidole hadi karibu mwisho ndipo nikashika ufunguo.

Kosa langu moja. Nilifunga kila kitu nikasahau direla ya mbele, ile inayohamisha cheni kutoka gia hadi gia. Ilikuwa imepangwa kwa meno 48, sasa gia kubwa ni 42, imekaa juu sana, cheni ikawa inadondoka nje. Nikaishusha hadi ikabaki nafasi ya milimita 2 juu ya meno. Na cheni mpya ilikuwa ndefu. Nilifanya kama wanavyofanya wengi: nikaizungusha gia kubwa mbele na kubwa nyuma bila kuipitisha kwenye direla ya nyuma, nikaongeza inchi moja, iliyobaki nikakata.

Nimepima tena kwa njia ya dada Meru. Ni 49.

Binti Meru · Jumatano usiku

Hongera sana kaka. 49 ni nzuri. Usisahau kukaza tena hizo bolti mbili baada ya safari mbili tatu za mwanzo. Mkono mpya unakaa vizuri zaidi kwenye kabari ukishabeba mzigo, bolti inabaki na nafasi. Hapo ndipo nyingi zinapoharibika, mtu anasema nimekaza siku ya kwanza inatosha.

Gololi Robo · Alhamisi asubuhi

Sikiliza huyo dada. Safari ya kwanza kaza, baada ya kilomita 50 kaza, baada ya hapo ni mara moja moja tu. Lakini usiende unakaza kila asubuhi bila sababu, mkono utapanda kabari hadi upasuke.

Trei Sita · Jumapili, wiki mbili baadaye

Nimekaza baada ya safari ya kwanza, ikaingia kama robo ya mzunguko. Baada ya kilomita 50 haikuingia tena, nikaiacha.

Leo asubuhi nimepanda na trei sita, gia 24 mbele na 28 nyuma, sijashuka hata mara moja kutoka chini hadi mjini. Zamani nilikuwa nashuka na kusukuma kwenye ile kona ya katikati. Cheni haijaruka.

Mabaki: elfu 5 nilimlipa fundi kwa vifaa, elfu 3 nimebaki nayo. Mkono wa kulia wa zamani, 170, tundu lake la mraba bado zima nimelikagua kwa kucha, lakini gia zake zimeisha na ni ribiti. Kama kuna mtu Iringa ana kifaa cha kukata ribiti na anataka kujaribu kuutumia kwa gia moja, aseme hapa, nitampa bure.

Mwana Nyando · Jumapili

Ningekuwa karibu ningeuchukua. Ila gia ya kati usimpe mtu, itamrudisha kwenye hiyo cheni inayoruka.

Trei Sita · Jumapili

Gia zote tatu zikishakatwa nitazipeleka kwa wanaonunua chuma chakavu. Atakayekuja ataondoka na mkono tu.